Msafara wa Miguu Mirefu

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Na wewe uliyejibanza mlangoni, ingia, mkeka unatosha. Leo sina sungura wala fisi. Leo nina ndege, tena ndege mnaowajua sura: wale wenye miguu mirefu kama fito, wanaosimama majini tuli, utadhani walipandwa siku moja na mpunga.

Mimi nimezaliwa hapahapa Chemchem, Tabora mjini. Jina la mtaa wetu ni jina la maji, maana chemchem ni mahali maji yanapobubujika yenyewe kutoka ardhini. Na zamani, katika nchi hii ya Unyamwezi, maji ndiyo yaliyomwamulia msafiri alale wapi. Misafara iliyotoka Bagamoyo na vitambaa, shanga na nyaya za shaba ilikuja mpaka Unyanyembe, yaani hapa kwetu, wapagazi wakatua mizigo wakapumzika. Kisha wengine wakashika njia ya magharibi kwenda Ujiji, wengine ya kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Waliorudi pwani walibeba pembe za ndovu mabegani. Njia nzima ilihesabiwa kwa maji: leo tunalala kisimani, kesho kijitoni, keshokutwa bwawani. Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika hapa, kwenye makazi ya Waarabu yaliyoitwa Kazeh, mwezi Novemba. Miezi mitano njiani! Ushikeni huo mwezi wa Novemba, nitaurudia.

Nimeanza na misafara kwa sababu ndege hawa nao wana msafara wao, na ulikuwa ukipita juu ya nchi yetu kabla mpagazi wa kwanza hajafunga mzigo wake. Nao pia hutua penye maji.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi. Siku zisizo za shule alinipakia nyuma ya baiskeli alfajiri tukaenda bwawa la Igombe, lile lililowanywesha watu wa Tabora miaka mingi. Tukifika, ukungu bado umelala juu ya maji. Mimi nilikuwa na haraka ya kutazama manyoya na midomo. Mjomba akaniambia, “Mpwa wangu, anza na miguu. Ukishajua miguu ya ndege, umejua anakula wapi.”

Nikaanza na miguu. Ukingoni kabisa, kwenye tope lenye maji ya kulowesha kucha tu, walikuwapo ndege wadogo wa kahawia wakikimbia huku na huku, wakidonoa, mikia ikitikisika kila wanaposimama. Hatua chache mbele, maji yalipofika kwenye vifundo vya miguu yangu, alikuwapo yangeyange mweupe. Mbele zaidi, mahali ambapo mimi maji yangenifika magotini, alisimama ndege mkubwa wa kijivu, na tumbo lake halikuguswa na tone. Kila mmoja yuko kwenye kina chake. Mwenye miguu mifupi hawezi kumfuata mwenye miguu mirefu, na mwenye miguu mirefu hana haja ya vidudu vya ukingoni. Bwawa ni moja, lakini limegawanywa kama shamba la ukoo, na aliyepima mipaka ni urefu wa mguu.

Sasa niwaulize: mguu wa ndege huyu unapinda wapi? Najua mtasema goti lake linapinda kinyumenyume. Hata mimi nilisema hivyo. Lakini kile kiungo kinachopinda kwenda nyuma, katikati ya mguu, si goti. Ni kifundo cha mguu. Goti lake liko juu, limejificha ndani ya manyoya karibu na tumbo, na linapinda kwenda mbele kama lako. Kile kipande kirefu chini ya kifundo, ambacho wewe unakiita ugoko, ni mfupa wa wayo uliorefuka. Kwa hiyo ndege hawa siku zote wanatembea kwa vidole. Simameni wote kwa ncha za vidole, mkae hivyo mpaka nimalize sentensi hii, halafu mniambie kama ni kazi rahisi.

Na kwa nini husimama kwa mguu mmoja? Mguu hauna manyoya, na joto la mwili hupotelea hapo. Akiukunja mmoja na kuuficha tumboni, amepunguza hasara nusu. Halafu kuna ufundi mwingine ndani ya ule unaobaki majini. Mshipa unaoteremsha damu ya moto umepita ubavuni mwa mshipa unaopandisha damu ya baridi. Ule wa moto unaupasha wa baridi njiani, damu inarudi mwilini imeshapata joto. Jua likiwa kali mambo hugeuka, naye hutafuta namna ya kupoa. Hapa msicheke. Korongo wengi hujinyea miguuni makusudi. Kinyesi chao ni majimaji, na kikikauka huondoka na joto, kama jasho linavyotupoza sisi. Wale korongo wakubwa wenye upara mnaowaona Mwanza wakizengea mabaki ya samaki, miguu yao inaonekana kama imepakwa chokaa. Kwa asili miguu hiyo ni myeusi. Chokaa mmeshajua imetoka wapi.

Tatizo letu ni kwamba tunawaita wote korongo. Aliye mrefu, korongo. Mweupe, korongo. Mweusi, korongo. Mjomba alinipa njia ya kuwatenganisha hata wakiwa mbali angani: tazama shingo. Kuna wanaoruka na shingo imenyooka mbele kama mkuki. Hao ndio korongo wenyewe. Na kuna wanaoruka na shingo imekunjwa, kichwa kimekaa katikati ya mabega, na mbele ya kifua kuna kama kifuko kinaning'inia. Hao ni jamaa ya yangeyange, pamoja na yule wa kijivu niliyemwona Igombe. Mifupa ya shingo yao imeunganika kwa namna inayoipinda kama upinde uliovutwa, na wakiiachia, mdomo unatoka kama mshale.

Huyo wa kijivu nilimtazama asubuhi moja nzima. Kwanza alinichosha. Hakuna alichofanya. Amesimama, shingo imenyongea kidogo, jicho la njano linatazama chini. Jua likapanda, ukungu ukaondoka, kereng'ende akaja akatua karibu na mguu wake akaenda zake. Yeye kimya. Mara akainamisha kichwa upande mmoja, polepole sana, kama mtu anayesikiliza siri. Halafu sikuona kitu. Nasema kweli, sikuuona mdomo ukienda. Nilisikia chubwi, na samaki tayari alikuwa juu anatapatapa.

Kumlenga samaki aliye majini si kazi rahisi. Mkirudi nyumbani, chukueni beseni la maji mtumbukize fimbo iliyonyooka, kwa mshazari. Fimbo itaonekana imevunjika pale inapoingia majini. Haijavunjika, ni mwanga unaopinda ukitoka majini kuingia hewani. Basi hata samaki haonekani mahali alipo hasa, yuko chini zaidi ya pale macho yanapomwona. Ndege akilenga anachokiona, atachoma maji matupu. Ni lazima alenge mahali samaki alipo kweli, na hajapita darasa lolote la fizikia. Makinda hukosea mara nyingi, hukosea na kurudia, mpaka jicho na shingo zipatane.

Yangeyange mdogo wa majini ana mbinu nyingine. Miguu yake ni myeusi kama makaa, lakini vidole ni vya njano, kana kwamba amevaa soksi. Huutanguliza mguu mmoja mbele, akautetemesha juu ya tope, tuku-tuku-tuku. Vidudu na visamaki vilivyojificha vinashtuka na kutoka, naye anavisubiri. Na yuko jamaa yake mweusi tii, ambaye mimi namwona mjanja kuliko wote. Akifika kwenye maji ya kina kifupi huyafungua mabawa yake yote mawili na kuyaleta mbele, yakamzunguka kama mwavuli mpaka manyoya yakagusa maji, na kichwa chake kikapotea ndani. Chini ya mwavuli ule kuna kivuli. Kivuli humwezesha kuona ndani ya maji bila mng'ao wa jua, na inadhaniwa visamaki navyo hukimbilia kivulini kujificha. Anadonoa, anafunga mwavuli, anasogea hatua mbili, anafungua tena.

Kuna yangeyange ambaye ameyaacha maji kwa sehemu kubwa akachagua ng'ombe. Huyo mnamwona kila siku, mweupe, mdomo wa njano, anatembea ubavuni mwa ng'ombe wa Wasukuma na Wanyamwezi huko mbugani, au anafuata trekta linalolima. Watu husema anakula kupe. Humdonoa kupe mmoja mmoja, ni kweli, lakini chakula chake hasa ni panzi. Ng'ombe anapotembea majani yanatikisika, panzi wanaruka, na yeye anawadaka. Porini hufanya vivyo hivyo na nyati na tembo. Zamani ndege huyu hakuwako ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Mwishoni mwa karne ya 19 baadhi yao walivuka kutoka Afrika wakafika Amerika ya Kusini, kwa mabawa yao wenyewe. Wakakuta ng'ombe wameshapelekwa huko, wakatulia. Leo wamejaa huko, mpaka Marekani.

Mmoja wao nilimpiga kwa manati nilipokuwa na miaka tisa. Nilitaka kuwaonyesha wenzangu kwamba nina shabaha. Alianguka karibu na ng'ombe aliyekuwa akimfuata, na ng'ombe akaendelea kula. Nilimwokota. Alikuwa mwepesi ajabu, mwepesi kama kikapu kitupu, na kope zake zilifunga kutoka chini kwenda juu. Wenzangu walishangilia na mimi sikuweza. Manati niliirudisha nyumbani nikaiweka darini, na sikuishika tena.

Mkitaka kumwona fundi wa ujenzi, tafuteni mti mkubwa uliogawanyika matawi karibu na mto. Ukiona rundo la vijiti kubwa kama tenga la kuku, au kubwa kuliko hilo, hapo ni kwa fundichuma. Ndege mwenyewe ni wa kahawia, si mkubwa, amemzidi kunguru kidogo tu. Nyuma ya kichwa ana kishungi, mbele ana mdomo, kichwa chote kinafanana na nyundo. Lakini nyumba yake! Dume na jike hujenga pamoja, wiki kwa wiki, na kiota kimoja huweza kumeza vijiti elfu nane na zaidi. Kina paa. Mlango mara nyingi uko ubavuni kwa chini ili nyoka na adui wengine wasiingie kirahisi, na njia ya kuingilia husiriba kwa tope kama mama zenu wanavyosiriba ukuta. Vijiti, majani makavu, matambara, mifupa, chochote anachookota hukitia. Paa likikamilika linaweza kubeba uzito wa mtu mzima.

Na baada ya kazi yote hiyo, hujenga tena. Jozi moja inaweza kuwa na viota kadhaa jirani, kimoja tu ndicho cha mayai. Vingine wanahamia wapangaji: bundi, bata, nyuki, kenge, na mara nyingine nyoka. Katika sehemu nyingi za Afrika wazee walikataza watoto wasimguse fundichuma wala kubomoa nyumba yake, wakisema atakayefanya hivyo atapatwa na balaa. Mimi nawaambia msimguse hata kama balaa haipo. Nyumba ile ikibomolewa si mwenyewe peke yake anayehama.

Wapo na wenye vidole virefu kupita kiasi. Yule mdogo wa rangi ya kutu, mwenye kipaji cha buluu, anatembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama, kwa sababu vidole vyake vimetawanya uzito kama mtu aliyelala kifudifudi juu ya tope. Kwao jike hutaga mayai akaondoka kwenda kwa dume mwingine. Baba ndiye anayelalia mayai na kulea. Hatari ikija, baba huwakumbatia makinda chini ya mabawa, akanyanyuka na kukimbia nao, na wewe unaona tu viguu vyembamba vingi vinaning'inia pembeni mwa kifua chake.

Sasa twendeni magharibi, kama msafara.

Ukitoka Tabora kuelekea Ujiji, njia ya zamani ililazimika kuvuka mto Malagarasi. Misafara iliuogopa mto ule na kuupenda. Waliuogopa kwa sababu ya mamba na maji mengi, wakaupenda kwa sababu ng'ambo yake Ujiji imekaribia. Kaskazini ya njia hiyo Malagarasi na Muyovozi hutandaa katika mabwawa, maziwa na matete yasiyo na mwisho machoni, na kutoka upande wetu mito ya Igombe na Ugalla inaelekea kwenye bonde hilohilo. Mwaka 1971 nchi kadhaa zilikutana katika mji wa Ramsar, Iran, zikafanya mkataba wa kulinda ardhi zenye majimaji, hasa kwa ajili ya ndege wanaozitegemea. Tanzania ilijiunga mwaka 2000, na eneo la kwanza kabisa kuliandikisha lilikuwa hilo la Malagarasi na Muyovozi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 32,500, karibu mara ishirini ya kisiwa cha Unguja. Maji hayo ni ya kwetu, wajukuu zangu, na watu wanatoka mbali kuja kuyaona.

Ndani ya matete hayo anaishi ndege ambaye wengi wenu hamtamwona mpaka mkue mkasafiri. Anaitwa korongo nyangumi. Ni wa kijivu, urefu wake unaweza kuzidi mita moja na robo akisimama wima, yaani anaweza kukutazama wewe wa darasa la tatu macho kwa macho. Mdomo wake ni mpana na mnene kama kiatu kikubwa cha mbao, na ncha yake ina ndoano. Ingawa tunamwita korongo, wataalamu waliochunguza mifupa na damu yake wamegundua kwamba undugu wake ni wa karibu zaidi na mwari.

Huyu hana haraka kabisa. Husimama juu ya majani yanayoelea, mdomo umeelekezwa chini kifuani, saa nzima bila kutikisika. Anamngoja nani? Mara nyingi anamngoja kamongo. Kamongo ni samaki mwenye mapafu, hukaa kwenye maji mazito yasiyo na hewa ya kutosha, kwa hiyo ni lazima apande juu mara kwa mara avute pumzi. Ndege anaijua siri hiyo. Pumzi ya samaki ndiyo inayomponza. Kamongo akichungulia tu, korongo nyangumi hamchomi kwa shingo kama yule wa Igombe. Humwangukia mwili mzima, mdomo, kifua na mabawa, akachota samaki pamoja na majani na tope, halafu akaanza kutema takataka taratibu huku samaki amebanwa.

Jike hutaga mayai mawili kwa kawaida, na mara nyingi ni kinda mmoja tu anayekua. Siku za joto kali wazazi huenda majini, wakachota maji kwa ule mdomo mkubwa, wakarudi kuyamimina juu ya mayai au juu ya kinda ili wapoe. Ndoo na kata ni kitu kimoja, na amezaliwa nacho. Ndege hawa wako pia Sudan Kusini, Uganda, Kongo na Zambia, lakini popote walipo ni wachache, elfu chache tu duniani kote. Matete yakichomwa moto au maji yakikauka, ni vigumu kwao kupata pa kuhamia.

Nimefika kwenye Novemba yangu.

Wapagazi wa Kinyamwezi walipenda kusafiri kiangazi. Mvua zilipokaribia kila mmoja alitaka awe kwake, akalime. Basi wakati huohuo, mawingu ya kwanza yakikusanyika, tazameni juu saa nne au saa tano asubuhi, ardhi ikishapata moto. Mtaona ndege wengi wanazunguka juu kwa juu, mabawa yamekunjuliwa na hayapigi. Hao ni korongo. Wengine ni wadogo, weusi wenye tumbo jeupe, wametoka kaskazini ya ikweta. Huko hulea makinda wakati wa mvua za kule, kuanzia Senegali mpaka Ethiopia, karibu na vijiji na hata juu ya mapaa ya nyumba. Mvua ikiisha kwao huifuata huku kwetu. Ndiyo maana wakulima wengi wakiwaona hunoa majembe.

Na wengine ni weupe, ncha za mabawa nyeusi, mdomo na miguu myekundu. Hao wametoka mbali zaidi. Wamezaliwa Polandi, Ujerumani na nchi jirani, juu ya mapaa na nguzo za watu. Ni wazito kwa ndege wa angani, kilo tatu hivi, na wakipiga mabawa safari nzima watachoka wafe. Kwa hiyo hupanda juu ya hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini, wanazungushwa mpaka juu kabisa, kisha wanateleza mbele kilomita kadhaa, wanatafuta hewa nyingine ya moto, wanapanda tena. Juu ya bahari hewa hiyo haipo, ndiyo maana huikwepa bahari. Wanapita juu ya mji wa Istanbul, wanashuka Shamu na Palestina, wanavuka Sinai, wanafuata bonde la Nili, wanaingia kwetu. Nao wana vituo vyao vya maji na malisho, kama wapagazi. Usiku wanatua, kwa sababu usiku ardhi imepoa. Hawana wimbo. Korongo huyu hana sauti ya kuimba, huzungumza kwa kugonganisha mdomo, ta-ta-ta-ta, tena zaidi akiwa kiotani kwake. Huku kwetu amekuja kula: panzi, vyura, na viwavijeshi wanaoshambulia mahindi yetu.

Watu wa Ulaya kwa karne nyingi walishangaa ndege hawa wanakwenda wapi wakati wa baridi. Wengine walidai mbayuwayu hulala matopeni chini ya maji. Katika karne ya 17 Mwingereza mmoja, Charles Morton, aliandika kwamba korongo huruka mpaka mwezini! Fikirini jambo hilo. Sisi hapa tunaitwa Wanyamwezi, na maelezo yanayosimuliwa zaidi ni kwamba watu wa pwani walituita hivyo kwa sababu tunatoka magharibi, upande mwezi mwandamo unakoonekana. Bwana yule alidhani korongo wamekwenda mwezini, kumbe wengine wao walikuwa katika nchi ya watu wa mwezi, wakila panzi.

Jibu liliwafikia mwaka 1822 kwa njia ya uchungu. Karibu na mji wa Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe, na walipomwokota wakakuta ana mshale mrefu, karibu sentimita 80, umepenya shingoni. Haukuwa mshale wa huko. Mti wake ulikuwa wa Afrika ya kati. Mtu wa upande wetu wa dunia alimpiga, ndege hakufa, akaruka na mshale shingoni mpaka kwao Ujerumani. Walimkausha, na mpaka leo yupo katika Chuo Kikuu cha Rostock, mshale bado uko shingoni.

Baadaye ikapatikana njia isiyomwaga damu. Mwalimu wa shule huko Denmark, Hans Christian Mortensen, mwaka 1899 alianza kuwavalisha ndege pete nyepesi za alumini zenye namba na anwani. Korongo nao wakavalishwa. Pete zikasomwa Misri, zikasomwa Sudan, zikasomwa Afrika ya Mashariki na ya Kusini, na ramani ya msafara ikachorwa kituo kwa kituo.

Sasa kazi ni yenu. Novemba ijayo, kwenye majaruba, kwenye mbuga baada ya mvua ya kwanza, au ukingoni mwa bwawa, mkimwona korongo mweupe mwenye miguu myekundu, msimkimbilie na msimrushie kitu. Mtazameni miguu. Akiwa na pete, someni kwa mbali, kwa darubini kama shule inayo, mwandike herufi na namba kama mlivyoziona, tarehe, na jina la mahali. Mpelekeeni mwalimu wenu taarifa hiyo, naye aipeleke kwa maofisa wa wanyamapori. Huko kaskazini yuko mtu aliyemvalisha ile pete, na anangoja kusikia kama ndege wake amefika.